Tumekubaliwa kwenda kujitolea kufundisha sanaa sekondari ng'ambo: tujiandae vipi?

Penseli_2B

Wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mchoraji, mume wangu ni msanifu wa mabango na majalada ya vitabu. Tumekubaliwa kwenda nchi ya mbali kujitolea kufundisha sanaa katika shule ya sekondari kwa miezi mitano. Barua ilifika juzi, na tangu hapo usingizi umekuwa haba. Furaha ipo, woga nao upo, maana kati yetu hakuna aliyewahi kusimama mbele ya darasa la wanafunzi 40. Nimewahi kuwafundisha watoto wadogo siku za Jumamosi, sita au saba kwa wakati mmoja, na kazi ile niliipenda mno. Hawa tunaowaendea wana miaka 14 hadi 17.

Tunachojua hadi sasa: madarasa ni matatu, kila darasa vipindi viwili kwa wiki, kipindi dakika 40. Shule ina mwalimu mmoja wa sanaa, naye anafundisha jiografia pia. Chumba cha sanaa kina meza na bomba la maji, basi. Masomo ni kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wakitoka darasani wanazungumza lugha yao, ambayo sisi hatuijui hata salamu.

Nimeandaa mpango wa wiki 16. Wiki nne za mwanzo ni historia ya sanaa ya Ulaya, wiki sita kuchora na kupaka rangi, wiki nne mchoro mkubwa wa ukutani, mbili za mwisho maonyesho. Tunafikiria kubeba sanduku zima la rangi za akriliki na brashi nzuri.

Naomba ushauri wa vifaa, wa lugha, na wa namna ya kuishi na huyo mwalimu mwenyeji. Shirika halijatuambia lolote kumhusu zaidi ya hilo la jiografia. Semeni ukweli wote, hata ukiuma.

---

Karani_Viza

Hongera, dada. Sanaa siijui, karatasi za safari nazijua, kwa hiyo nitasema hayo tu.

Msiingie kwa viza ya utalii mkidhani kwamba kwa kuwa hamlipwi basi si kazi. Nchi nyingi zinahesabu kusimama darasani kuwa kazi hata kama hupokei mshahara, na wanaowarudisha watu mpakani hawasikilizi maelezo ya nia njema. Liulizeni shirika kwa maandishi: kibali gani, nani anakiomba, na kinachukua muda gani.

Anzeni mapema kutafuta cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa. Mnaenda kukaa na watoto, na shirika lisilowadai cheti hicho ni la kuliogopa. Pia ombeni kalenda ya shule. Miezi mitano kwenye karatasi huliwa na mitihani, likizo na sikukuu. Wiki zenu 16 huenda zikabaki 11.

Tapentaini msibebe kabisa. Inashika moto haraka na hairuhusiwi kwenye ndege, iwe mkononi au kwenye sanduku la chini.

---

Mkaa_na_Karatasi

Dada, nimesoma mpango wako mara mbili, kwa sababu unafanana na wangu wa safari ya kwanza. Nimekwenda kujitolea kufundisha sanaa mara mbili, nchi mbili tofauti. Ya kwanza miezi mitatu, ya pili mwaka mzima. Nitaanza na ya kwanza, nawe vumilia, maana ni habari ndefu.

Nilifika na mirija 60 ya akriliki. Madarasa yalikuwa makubwa kama yenu. Nyeupe iliisha wiki ya tatu, kwa kuwa nyeupe ndiyo huchanganywa na kila kitu, na kufika wiki ya sita tulikuwa tunapaka zambarau na kahawia peke yake. Brashi nzuri nilizoziacha zilifungiwa kabatini. Mwalimu mwenyeji aliogopa kuzitoa, kwani zikiharibika asingekuwa na pa kupata nyingine. Mwaka mzima wanafunzi walizitazama kupitia kioo.

Hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni huyo mwalimu. Tangu siku ya kwanza alikaa nyuma ya darasa akisahihisha madaftari, nami nikajiambia nimempa nafasi ya kupumua. Nilipokuwa nimesharudi ndipo aliponiandikia, kwa adabu kubwa, kwamba muhula ule alikuwa amepanga ufinyanzi. Udongo aliuchimba mwenyewe na wanafunzi wake wakati wa likizo, wakauchekecha, wakauweka kwenye pipa. Nilipofika na ratiba yangu iliyokwisha kugongwa muhuri wa shirika, hakuona pa kuisemea ya kwake. Udongo ukakaukia pipani. Na pipa lile lilikuwa mlangoni mwa chumba cha sanaa. Nilikuwa naweka mkoba wangu juu yake kila asubuhi.

Ndiyo maana jibu langu la kwanza kwako halihusu vifaa. Mwandikie huyo mwalimu wa jiografia kabla hujafunga sanduku. Usimtumie mpango wako. Muulize muhula huo alikuwa amepanga nini, na wewe na shemeji mnaweza kumsaidia wapi. Ninyi mtakaa miezi mitano, yeye atakuwa pale Jumatatu mtakayoondoka. Mashirika makongwe yanalijua hili la muda. Peace Corps ya Marekani, tangu ianzishwe mwaka 1961, humfundisha mtu miezi kama mitatu kabla ya kumkabidhi kazi ya miaka miwili. VSO ya Uingereza ilianza mwaka 1958 kwa kupeleka vijana waliotoka tu shuleni, baadaye ikageukia watu wenye ujuzi na taaluma. Miezi mitano si ya kujenga jambo jipya peke yenu. Inatosha kabisa kumshika mkono mtu aliye na lake.

Safari ya pili nilikaa wiki mbili nzima kwenye viti vya nyuma, mimi na daftari langu la michoro, mwalimu mwenyeji akifundisha. Nilijifunza majina. Nikajua nani anachora kwa mkono wa kushoto, nani anaficha karatasi kwa kiwiko. Na mwalimu akaniambia mwenyewe kinachomsumbua: wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa sanaa wa Cambridge IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari, ambao una kazi ya saa 8 chini ya usimamizi, nao hawajawahi kushughulikia mchoro mmoja kwa zaidi ya dakika 40. Basi tukaanza Jumamosi za mazoezi. Kwanza saa 2, kisha 3, kisha 5. Hakuna mpango ambao ningeandika nikiwa kwetu ungelitaja jambo hilo.

Sasa vifaa. Beba vitu ambavyo ukiondoka vinaendelea kutengenezwa. Mkaa wa kuchorea ndio kipenzi changu, na uliniokoa. Chukua vijiti vyembamba kama penseli, vimenye magome, viache vikauke. Vipange vikibanana ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko, toboa tundu dogo moja juu, weka motoni. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma, toa mkebe. Hapo usiwe na haraka: usifungue hadi upoe kabisa, kwa sababu hewa ikiingia vijiti vikiwa vya moto vinawaka na kuwa majivu. Wanafunzi wakishaujua ufundi huu hawakuhitaji wewe tena. Kuna msichana wa miaka 15 aliyejaribu miti tisa tofauti, akaandika kwenye daftari upi unatoa weusi wa kina na upi unakwaruza karatasi. Daftari lile ndilo lililokuwa kitabu cha kiada cha chumba chetu.

Chapa nazo zinawezekana kwa kadibodi: kata maumbo, yagandishe juu ya kadibodi nyingine, paka wino, laza karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko. Rangi chache unaweza kubeba, lakini muulize kwanza mwalimu zipi anaweza kuzipata tena.

Kuhusu lugha: hofu yako naielewa, na dawa yake ni ya zamani. Marion Richardson, aliyeanza kufundisha sanaa katika shule ya wasichana ya Dudley, Uingereza, mwaka 1912, alikuwa akiwaambia wanafunzi wafumbe macho, kisha anawasimulia mandhari kwa maneno, mwanga unatoka wapi, nani anapita, mbali kuna nini. Wakifumbua wanachora walichokiona kichwani. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alipitia mikononi mwa Richardson huyo, na kati ya wanafunzi waliotoka Makerere hiyo ni wachoraji Sam Ntiro na Elimo Njau. Mimi nilibadilisha kitu kimoja: sikusimulia mimi. Alisimulia mwalimu mwenyeji, kwa lugha ya wanafunzi. Nilikuwa sielewi neno hata moja, nimesimama karibu na dirisha, nikitazama nyuso 38 zilizofumba macho zikitabasamu mahali pamoja kwa wakati mmoja. Michoro iliyotoka siku ile sijawahi kuiona kwa maelezo yangu ya Kiingereza. Mwachie yeye maneno. Wewe onyesha kwa mkono.

Jambo moja zaidi, maana wewe umezoea wadogo. Mtoto wa miaka saba anachora bila kukuuliza. Kijana wa miaka 14 anafuta. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa, alilieleza hili mwaka 1947: katika umri ule jicho linakuwa kali kuliko mkono, kijana anaiona kazi yake kuwa mbovu, na wengi huacha kuchora hapo hapo, moja kwa moja. Utawatambua kwa matundu ya vifutio kwenye karatasi. Tulikusanya vifutio vyote kwa mwezi mmoja. Kila kipindi kilianza kwa dakika tano za kuchora mkono wako mwenyewe ukitazama mkono, bila kutazama karatasi. Kwa kuwa hakuna anayeweza kutoa picha sahihi kwa njia hiyo, aibu inagawanywa sawa, na mstari unaanza kuwa hai. Na kamwe usichore juu ya kazi ya mwanafunzi, hata kama unaona kosa liko wapi. Chora pembeni, kwenye karatasi yako. Ukigusa ya kwake, kuanzia hapo ni yako.

---

Dawati_la_Nyuma

Mimi naandika kutoka upande wa pili. Nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu walipokuja kwetu watu wawili wa kujitolea kufundisha sanaa. Walikuwa watu wema, na hadi leo nachora kwa sababu yao. Nasema hivyo kwanza ili yanayofuata yasieleweke vibaya.

Walipoondoka walichukua michoro yetu bora. Walisema wataionyesha kwao. Sikuulizwa. Miaka miwili baadaye niliuona mchoro wangu kwenye ukurasa wa kuchangisha fedha, umekatwa pembeni pale nilipoandika jina langu, na chini yake maneno kwamba umechorwa na mtoto maskini. Ulikuwa mchoro wa baba yangu akisoma. Sijawahi kuurudisha mkononi, na sijachora mwingine kama ule.

Kwa hiyo, dada, mchoro ni mali ya aliyeuchora, hata akiwa na miaka 14. Ukitaka kuupiga picha, muulize yeye na mzazi wake, na umwambie utaupeleka wapi. Waandike majina yao, kila mara, upande wa mbele. Msanii Friedl Dicker-Brandeis alifundisha watoto kuchora ndani ya geto la Terezín, Wanazi walikowafungia Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na aliwasisitizia watie majina yao kwenye kazi zao. Alipopelekwa kambi ya Auschwitz mwaka 1944, alikouawa, aliacha masanduku mawili yenye michoro kama 4,500. Wengi wa watoto hao waliuawa pia. Kwa kuwa majina yapo, leo tunajua nani alichora nini.

Na ule mchoro wa ukutani. Wetu ulichorwa na wao. Walikuja jioni wakachora mistari yote, sisi asubuhi tukapewa brashi tujaze rangi ndani, huku mtu anapiga picha. Nilijaza buluu ya anga. Ukuta ule haukuwahi kuwa wetu.

---

Penseli_2B

Nimesoma nikiwa nimekaa na mume wangu, na kwa muda mrefu hatukusema kitu. Asanteni sana. Dawati_la_Nyuma, nakuomba radhi kwa niaba ya kazi hii ninayokwenda kuifanya. Mchoro wa baba yako umenikaa moyoni.

Historia ya sanaa ya Ulaya nimeifuta wiki nne zote. Sasa naogopa hata mchoro wa ukutani, lakini mkuu wa shule ameutaja mwenyewe kwenye barua yake, anautamani. Tukatae? Na kama si historia ile, tuanze na picha za nani?

---

Mkaa_na_Karatasi

Msikatae. Subirini.

Kuna habari ya mwalimu mmoja naikumbuka kila ninaposikia neno ukuta. Geoffrey Bardon alifika Papunya, katikati ya Australia, mwaka 1971 kufundisha sanaa katika shule ya watoto wa wenyeji asilia. Darasani watoto walichora wapanda farasi wa filamu za Marekani. Nje, kwenye mchanga, aliwaona wakichora kwa vidole maumbo tofauti kabisa: duara, mistari, alama za nyayo. Akaanza kuwahimiza walete yale ya mchangani. Lakini yale hayakuwa ya watoto peke yao kuyatoa. Ukuta wa shule ulipotafutiwa mchoro, waliojitokeza ni wazee, wakachora simulizi ya sisimizi wa asali, ambayo wao ndio wenye haki nayo. Mwaka 1972 wachoraji wa pale wakaunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, na ipo hadi leo. Ule mchoro wa ukutani wenyewe baadaye ulipakwa rangi juu yake ukapotea. Kampuni haikupotea.

Nikilitazama hili, nawaza kwamba kazi ya Bardon ilikuwa kuona mchangani, kutafuta rangi na ubao, na kisha kukaa kando. Kwa hiyo mwambieni mkuu wa shule ndiyo, ila ukuta uanze baada ya nusu ya muda, na wanafunzi waulize nyumbani kipi kinafaa kuchorwa na kipi si cha kuchorwa hadharani. Michoro midogo ishindanishwe kwa kura yao. Anayeshinda ndiye msimamizi wa mistari. Kuikuza, gawanyeni mchoro mdogo kwa miraba, na ukuta kwa miraba ileile mikubwa. Kijana wa miaka 14 anaweza kuvusha mraba mmoja mmoja bila msaada wa mtu mzima, na hapo wanajifunza uwiano kuliko kwa mihadhara kumi. Ukuta usuguliwe, upigwe rangi ya msingi, ukauke. Rangi iwe ya kuta za kawaida, wala si mirija ya akriliki. Shemeji wa mabango atawafaa sana hapo, maana anajua kitu kinachosomeka kwa mbali.

Picha za kuanzia: mwambieni kila mwanafunzi alete kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono na mtu anayemjua. Mkeka, mpini, kiraka, chochote. Kipindi kizima kaeni mkikichora na kumsikiliza aliyekileta. Monet na wachoraji wengine wa Ulaya watasubiri. Wakiwataka, watamuuliza mwalimu wao.

---

Penseli_2B

Narudi kutoa taarifa. Nilimwandikia yule mwalimu kama ulivyoniambia, Mkaa. Sikumtumia mpango. Nilimuuliza tu alichopanga.

Amejibu leo alfajiri, kurasa mbili. Anasema ni mara ya kwanza mgeni kumuuliza. Muhula huo alikusudia chapa za linoliamu, lile zulia laini la sakafu linalochongwa kisha kupakwa wino. Wino anao, linoliamu anayo, alizihifadhi tangu mwaka juzi. Patasi za kuchongea ndizo zilizomshinda, na yeye mwenyewe amewahi kuona tu kwa picha jinsi zinavyoshikwa. Ameuliza kama mume wangu anaweza kumfundisha yeye kwanza, jioni, wiki mbili kabla ya kuingia darasani, ili wanafunzi wajifunze kutoka kwake. Pia ameandika salamu tatu za lugha yao, na namna ya kuzitamka.

Tumemjibu ndiyo. Sanduku la akriliki limebaki na mirija minane, yote nyeupe. Patasi tumepata seti kumi.

Karani_Viza, patasi zinakaa begi gani?

---

Karani_Viza

La kukabidhi, dada, si la mkononi. Zifungeni ncha kwa kitambaa kizito na mkanda, anayekagua asije akajikata.